Hila Yenye Gharama: Sayansi ya Dau na Ishara katika Mchezo wa Poka

Watu sita wameketi kuizunguka meza iliyotandikwa kitambaa cha kijani. Katikati ya meza pana kitita cha kete za rangi mbalimbali, na kila kete ina thamani yake katika fedha. Wachezaji wanne wamekwisha kujitoa, wamebaki wawili. Mmoja wao anatwaa fungu kubwa la kete, anaupeleka mkono mbele hadi unakaribia mstari uliochorwa juu ya kitambaa, kisha anausimamisha hewani. Macho yake hayatazami kete, yanamtazama mwenzake. Mwenzake, akidhani kwamba dau limekwisha kuwekwa, anazishika kete zake kwa haraka ili aitikie. Hapo yule wa kwanza anaurudisha mkono, kete zote zikiwa bado kiganjani, na kutamka kwa upole kwamba anapita, hawekezi kitu. Amekwisha kujua alilotaka kujua, yaani mwenzake ana karata nzuri. Wala hakutoa hata senti moja kuyapata maarifa hayo.

Je, mtu huyu amekosa? Swali hili laweza kuonekana la ajabu, kwani poka ni mchezo ambao kudanganya ni sehemu yake halali. Mchezaji mwenye karata mbovu huruhusiwa kuweka dau kubwa kana kwamba ana karata bora, na akifaulu husifiwa. Hata hivyo, wachezaji wa poka wenyewe humchukia yule anayecheza na mkono wake hewani, na kanuni za mashindano mengi humpa msimamizi uwezo wa kumwadhibu. Inakuwaje basi mchezo uliojengwa juu ya hila ukatae hila? Jibu la swali hilo linagusa hesabu, saikolojia na hata elimu ya wanyama, na lina funzo kwa kila mtu anayetakiwa kuamua nani anasema kweli na nani anadanganya.

JINSI POKA INAVYOCHEZWA

Poka ilizuka nchini Marekani mwanzoni mwa karne ya 19, katika bonde la mto Mississippi. Huchezwa kwa jozi ya kawaida ya karata 52, zile zile zilizozoeleka katika mabaraza ya pwani ya Afrika Mashariki. Majina ya karata hizo katika Kiswahili yana historia yake pia. Neno karata lenyewe, pamoja na kopa (moyo mwekundu), uru (pembe nne nyekundu), shupaza (jani jeusi) na pao (ua jeusi la majani matatu), yote yalitokana na lugha ya Wareno.

Katika aina ya poka inayochezwa zaidi siku hizi, iitwayo Texas Hold'em, kila mchezaji hugawiwa karata mbili za siri. Baadaye karata tano hufunuliwa mezani kwa awamu, tatu kwanza, kisha moja, kisha moja ya mwisho. Karata hizo tano ni za wote, na kila mchezaji huunda mkono bora wa karata tano kutokana na zile saba anazoweza kuzitumia. Katika kila awamu wachezaji huweka madau kwa zamu. Ambaye zamu yake imefika anaweza kupita ikiwa hakuna dau mbele yake, kuweka dau, kuliitikia dau la mwenzake kwa kutoa kiasi kile kile, kulipandisha, au kujitoa na kupoteza alichokwisha kutoa.

Mwishoni walioendelea huonyesha karata zao, na mwenye mkono bora hutwaa kitita. Lakini wote wakijitoa isipokuwa mmoja, huyo mmoja hutwaa kitita bila kuonyesha chochote. Kanuni hii ndogo ndiyo mama wa hila zote za poka. Kama karata zingeonyeshwa kila mara, mchezo ungekuwa wa bahati tupu. Karata mbili za mwanzo zinaweza kuunganika kwa njia 1,326, na katika hizo ni njia 6 tu zinazompa mchezaji ree mbili, yaani mara 1 katika 221. Mwenye kungoja karata bora ndipo aweke dau atangoja sana, na siku atakapoliweka kila mtu atajua sababu yake na kujitoa. Kwa hiyo mchezaji analazimika kuweka dau mara nyingine bila ya kuwa na karata nzuri. Kitendo hicho kitaitwa hapa kuzuga.

ADABU YA MEZA

Kwa miaka mingi kila nyumba ya kamari ilikuwa na kanuni zake. Mashindano ya dunia ya poka yalianza huko Las Vegas mwaka 1970, na mashindano yalipoongezeka ilionekana haja ya kanuni za pamoja. Mwaka 2001 wasimamizi wa mashindano waliunda chama chao kwa ajili hiyo. Kanuni zinazohusu dau ni nyingi, lakini zilizo kuu zinaweza kuelezwa kwa maneno machache.

Kwanza, kila mtu hutenda kwa zamu. Anayejitoa au kuweka dau kabla ya zamu yake huwapa wengine habari wasiyostahili kuipata, na huwadhuru wale ambao hawajatenda.

Pili, neno hufunga. Mchezaji akitamka katika zamu yake kwamba anaitikia au anapandisha dau, hawezi kujirudi, hata kama mkono wake haujagusa kete.

Tatu, dau huwekwa kwa mwendo mmoja. Mchezaji asiyetamka kiasi haruhusiwi kuweka kete chache, kumtazama mwenzake usoni, kisha kurudi kwenye fungu lake na kuongeza nyingine. Akifanya hivyo, zile za kwanza tu ndizo huhesabiwa.

Nne, ikiwa mbele yake kuna dau, naye akaweka kete moja yenye thamani kubwa bila kusema neno, huhesabiwa kuwa ameitikia tu. Hawezi kudai baadaye kwamba alikusudia kupandisha.

Tano, kete zenye thamani kubwa lazima zionekane. Ni makosa kuzificha nyuma ya kete ndogo ili fungu lionekane dogo kuliko lilivyo.

Sita, hairuhusiwi kuzungumzia karata wakati mchezo unaendelea kwa namna ya kumsaidia au kumdhuru mwingine, wala watu wawili kushauriana juu ya mkono mmoja.

Pamoja na kanuni hizo kuna adabu zisizoandikwa. Mchezaji anayejua kwamba ameshinda hatarajiwi kuchelewa makusudi kuonyesha karata zake ili mwenzake afurahi bure kwa sekunde chache. Kete hazirushwi ovyo juu ya kitita, kwa sababu mgawaji atashindwa kuzihesabu. Kanuni na adabu hizi zote zina shabaha moja, kwamba tendo la kuweka dau liwe na maana moja tu kwa kila aliyeketi mezani.

HILA ILIYOLIPIWA NA HILA YA BURE

Sasa tofauti inaanza kuonekana. Mchezaji anayezuga kwa dau la kweli amehatarisha mali yake. Mwenzake akiitikia, dau limepotea. Yule anayesogeza mkono na kuurudisha hakuhatarisha kitu. Wote wawili wametoa habari isiyo ya kweli, lakini mmoja ameilipia na mwingine ameitoa bure. Habari ya bure ikiruhusiwa, kila mchezaji ataitoa kila wakati, na mara moja hakuna atakayeiamini. Zaidi ya hayo, dau halisi nalo litapoteza maana, kwani hakuna atakayejua lini mkono ulioinuliwa umeweka dau na lini umecheza tu. Ulinzi wa maana ya dau ndio unaowezesha hila ya dau kuwepo.

Jambo hili si geni nje ya poka. Katika mnada, mtu aliyetaja bei akagongewa nyundo hawezi kusema kwamba alikuwa akitania. Katika mpira wa miguu, sheria ya mkwaju wa penalti humruhusu mpigaji kumhadaa mlinda mlango wakati anapoukimbilia mpira. Lakini tangu mwaka 2010 sheria imeeleza wazi kwamba, akishamaliza kukimbia, kujifanya anapiga kisha asipige ni kosa la kuonyeshwa kadi ya njano. Hapo pia hila haikukatazwa. Imewekewa mpaka, ili hatua ya mwisho ya mpigaji iwe na maana moja.

Hata wanyama wanalijua soko hili la ishara. Mwaka 1975 mwanabiolojia Amotz Zahavi wa Israeli alitoa hoja kwamba ishara ya mnyama huaminika pale tu inapokuwa na gharama ambayo mnyama dhaifu hawezi kuimudu. Katika nyanda za Serengeti, swala tomi anayefukuzwa na mbwa mwitu huruka juu kwa miguu minne iliyonyooka, kitendo kinachompunguzia kasi na kumlia nguvu. Uchunguzi wa Clare FitzGibbon na John Fanshawe, uliochapishwa mwaka 1988, ulionyesha kwamba mbwa mwitu huelekea kuwachagua swala wanaoruka mara chache na kuwaacha wale wanaoruka mara nyingi. Swala anayeruka sana ni kama anayetangaza kwamba ana nguvu hata za kuzifuja. Tangazo hilo linaaminika kwa sababu swala mgonjwa hawezi kuliiga kwa muda mrefu.

HESABU YA KUZUGA

Ikiwa kuzuga kunaruhusiwa, je, mchezaji azuge mara ngapi? Aliyelifungua swali hili kwa njia ya hesabu ni John von Neumann, mtaalamu aliyezaliwa Budapest mwaka 1903. Mwaka 1928 alichapisha nadharia ya michezo ambamo faida ya mmoja ni hasara ya mwingine, na mwaka 1944, pamoja na mchumi Oskar Morgenstern, alitoa kitabu kikubwa chenye uchambuzi wa poka iliyorahisishwa. Kiini cha mawazo yake kinaweza kuonekana katika mchezo mdogo ufuatao, unaoweza kuchezwa kwa punje za mahindi.

Asha na Juma kila mmoja anaweka punje 1 katikati, hivyo kitita ni punje 2. Asha anavuta karata moja na kuitazama peke yake. Ikiwa ni nyekundu, yaani kopa au uru, karata yake ni ya ushindi. Ikiwa ni nyeusi, yaani shupaza au pao, ni ya kushindwa. Kisha Asha anachagua kujitoa au kuweka dau la punje 2. Akiweka dau, Juma anachagua kujitoa au kuitikia kwa punje 2. Juma akiitikia, karata hufunuliwa. Basi Asha huweza kupata punje 3 au kupoteza punje 3 dau likiitikiwa. Hupata punje 1 Juma akijitoa. Na hupoteza punje 1 akijitoa mwenyewe. Baada ya kila mzunguko karata hurudishwa na jozi huchangwa upya.

Katika mizunguko 100, karata nyekundu zitatoka takriban mara 50 na nyeusi mara 50. Asha akiwa mkweli siku zote, akaweka dau kwa nyekundu tu, Juma ataigundua tabia yake na kujitoa kila aonapo dau. Asha atapata punje 50 kwa nyekundu, atapoteza punje 50 kwa nyeusi, na mwisho hana faida. Asha akizuga siku zote, akaweka dau hata kwa kila nyeusi, Juma ataitikia kila mara. Asha atapata 150 na kupoteza 150. Mwisho tena hana faida. Ukweli mtupu na uongo mtupu vimempa matokeo yale yale.

Sasa Asha na ajiwekee kanuni hii: nyekundu zote aweke dau, shupaza aweke dau, pao ajitoe. Kwa kanuni hiyo atazuga kwa nusu ya karata nyeusi. Juma akiitikia kila mara, Asha atapata 150 kwa nyekundu, atapoteza 75 kwa shupaza na 25 kwa pao; faida yake ni punje 50. Juma akijitoa kila mara, Asha atapata 50 kwa nyekundu na 25 kwa shupaza, na kupoteza 25 kwa pao. Faida yake ni punje 50 zile zile. Juma akichanganya njia hizo mbili kwa namna yoyote, wastani hautabadilika. Asha anapata nusu ya punje kwa kila mzunguko, na Juma hana la kufanya.

Jambo la kustaajabisha zaidi ni hili. Asha anaweza kumsomea Juma kanuni yake kwa sauti kabla ya mchezo kuanza, na bado haitamsaidia Juma kitu. Juma atajua kwamba katika kila madau matatu, mawili ni ya kweli na moja ni la kuzuga, lakini hatajua ni lipi. Nguvu ya Asha haikutoka katika kusema uongo wala katika ustadi wa uso. Imetoka katika uwiano uliopimwa na katika bahati ya karata kumwamulia lini azuge. Kwa jumla, kadiri dau linavyokuwa kubwa likilinganishwa na kitita, ndivyo mchezaji anavyoweza kuzuga mara nyingi zaidi, kwa sababu mwenzake huombwa alipe zaidi ili kuujua ukweli. Gharama na uaminifu wa ishara zimefungwa pamoja katika hesabu kama zilivyofungwa katika mbuga.

JE, MWILI HUSEMA?

Pamoja na hesabu hiyo, wachezaji wengi wanaamini kwamba siri ya poka imo usoni. Mwaka 1984 Mike Caro wa Marekani alichapisha kitabu mashuhuri juu ya ishara za wachezaji. Moja ya mafundisho yake ni kwamba mchezaji anayeigiza kwa kawaida huigiza kinyume cha hali yake: mwenye karata nzuri hujifanya mnyonge, hushusha pumzi na kuitikia kwa uzito, mwenye karata mbovu hukaza macho na kusukuma kete kwa kishindo. Lakini fundisho likishajulikana na wote, mjanja huligeuza, na mwenzake huligeuza tena. Ishara ya bure haina sakafu ya kusimamia.

Sayansi imeupima uwezo wa binadamu wa kuwatambua waongo kwa kuwatazama na kuwasikiliza, na matokeo yake hayawapendezi wenye kujisifu. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya tafiti nyingi zilizohusu hukumu za watu zaidi ya 24,000. Kwa wastani watu hao walipatia kwa asilimia 54 tu, na anayekisia kwa kurusha sarafu hupatia asilimia 50. Mwaka huo huo kundi la watafiti lilichapisha matokeo ya kuwauliza watu wa nchi 58 namna wanavyomtambua mwongo. Jibu lililotolewa zaidi ya yote lilikuwa kwamba mwongo hakutazami machoni. Ilhali tafiti zilizokusanywa na DePaulo na wenzake mwaka 2003 zilikuwa zimekwisha kuonyesha kwamba kukwepa macho hakuna uhusiano wa kutegemewa na uongo.

Uso wa mchezaji stadi ni mgumu zaidi kusomwa, kwa kuwa huo ndio anaoulinda. Mwaka 2013 Michael Slepian na wenzake nchini Marekani walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa vipande vifupi vya picha za wachezaji wa mashindano ya dunia ya mwaka 2009, wakiwa katika tendo la kuweka dau. Baadhi ya watazamaji walionyeshwa uso peke yake, wengine mikono peke yake, wakatakiwa kukisia ubora wa karata. Waliotazama uso hawakupatia. Makisio yao yalielekea upande usio sahihi. Waliotazama mikono tu walifanya vizuri kuliko kukisia ovyo, ingawa tofauti haikuwa kubwa. Mwendo wa mkono uliokwenda kwa ulaini ulielekea kuwa wa mtu mwenye karata nzuri.

Matokeo haya yanatoa mwanga juu ya adabu zilizotajwa. Kanuni inayomtaka mchezaji aweke dau kwa mwendo mmoja ilibuniwa na wasimamizi waliotaka kumaliza ugomvi mezani. Bila ya wao kukusudia, imeufanya mkono wa kila mchezaji ufanye tendo linalofanana na la wengine, na hivyo kupunguza nafasi ya kuigiza. Kinachobaki ni kile kidogo ambacho mwenyewe hawezi kukizuia.

MASHINE ISIYO NA USO

Kama siri ya poka ingekuwa usoni, mashine isingeweza kuicheza. Mnamo Januari 2017, katika mji wa Pittsburgh nchini Marekani, programu ya kompyuta iitwayo Libratus, iliyotengenezwa na Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilishindana na wachezaji wanne wa kulipwa kwa muda wa siku 20. Ilichezwa mizunguko 120,000, na mashine iliwashinda kwa tofauti kubwa. Mwaka 2019 programu nyingine, Pluribus, iliwashinda mabingwa katika meza ya wachezaji sita.

Libratus haikuwa na macho ya kumtazama mtu, wala uso wa kutazamwa. Haikujifunza kwa kuiga binadamu. Ilicheza na yenyewe mara nyingi mno, ikapima kila uamuzi kwa faida na hasara, na kuzuga kukajitokeza ndani ya hesabu bila ya kufundishwa. Ilizuga kwa njia moja tu, nayo ni kiasi cha dau. Kwa maneno mengine, hila iliyolipiwa peke yake ilitosha kuwashinda mabingwa.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu wa hisabati au wa biolojia anaweza kuutumia mchezo wa Asha na Juma kwa jozi moja ya karata na punje za mahindi kwa kila wanafunzi wawili. Fedha zisitumiwe kabisa.

Katika hatua ya kwanza, wanafunzi wacheze mizunguko 40 kwa kanuni ya ukweli mtupu, 40 kwa kuzuga daima, na 40 kwa kanuni ya shupaza, huku wakiandika faida ya kila mzunguko. Kisha matokeo ya darasa zima yajumlishwe. Itaonekana kwamba matokeo ya wawili wawili huyumba sana, lakini jumla ya darasa hukaribia hesabu iliyotolewa hapo juu. Hilo peke yake ni somo zuri la uwezekano.

Katika hatua ya pili, anayevuta karata awe huru kuamua mwenyewe lini azuge. Nusu ya mizunguko wachezaji watazamane, na nusu nyingine kitabu kikubwa kisimamishwe kati yao ili nyuso zisionekane. Kila mara mwenzake aandike kama anaamini dau au haamini. Mwishoni darasa lilinganishe: je, waliouona uso walipatia zaidi ya wasiouona? Wanafunzi wabashiri jibu kabla ya kuhesabu, maana mengi hujifunzwa katika tofauti baina ya ubashiri na hesabu.

FUNZO LILILO NJE YA MEZA

Haifai mtu yeyote asome haya akadhani kwamba ameonyeshwa njia ya kupata riziki. Katika poka, kinachopatwa na mmoja kimetoka mfukoni mwa mwingine, na nyumba ya kamari hukata sehemu yake. Kwa hiyo wachezaji wote wakijumlishwa pamoja lazima wapate hasara. Hesabu ile ile inayoeleza kuzuga ndiyo inayoeleza kwa nini walio wengi huondoka mezani na kidogo kuliko walichokuja nacho.

Faida ya kuichunguza poka iko kwingine. Kila siku watu huwahukumu wenzao kwa ishara zisizo na gharama. Mwanafunzi akiulizwa nani aliyevunja kioo, akainamisha macho, huhesabiwa kuwa ndiye. Na huenda ameinama kwa sababu nyumbani amefunzwa kwamba mtoto mwenye heshima hamkazii macho mkubwa wake. Shahidi anayetetemeka mahakamani hudhaniwa mwongo, na tapeli mwenye uso mkavu huaminiwa. Takwimu zilizotajwa zinaonyesha kwamba anayehukumu hivyo hayuko mbali na mwenye kurusha sarafu, ingawa yeye mwenyewe hujiona ana jicho la mwewe.

Wachezaji wa poka, ambao huadhibiwa kwa fedha zao kila wanapokosea, wamejifunza kuuliza maswali mengine. Badala ya kuuliza uso wa mtu unasemaje, huuliza ametoa nini, angepoteza nini kama si kweli, na tendo lake la leo linaafikiana vipi na matendo yake ya nyuma. Mwalimu anayemchunguza mwanafunzi, mnunuzi anayemsikiliza muuzaji, na raia anayepima ahadi, wote wanaweza kuyaazima maswali hayo bila kugusa karata hata moja.